Tembo wa Tabora na majivu ya Mama Neema

Msomaji mwenzangu uliyeoa, hebu nijibu: ndani ya nyumba yako kuna kitu gani ambacho ni chako peke yako? Usiniambie redio. Redio ilishakuwa ya mkeo tangu siku ile alipoifunika kitambaa cha kufuma. Usiniambie kiti cha mbele ya televisheni, maana najua nani amekikalia sasa hivi. Mimi nilikuwa najidanganya kwamba nina kabati. Ni kabati dogo la ufundi saa, lina vidroo vyembamba, nilirithi kwa marehemu baba pamoja na kibanda chake karibu na soko la Kilombero. Saa zenyewe hazina wateja tena, watu wanaangalia muda kwenye simu, basi vidroo nikavijaza sarafu za zamani.

Kuna wanaume wanaokunywa. Kuna wanaume wa mikeka ya mpira. Mimi nakusanya sarafu, na nilitegemea nishukuriwe.

Shida ni kwamba nimeoa kwenye ukoo wa watu wanaosugua. Sizungumzii Wameru wote, nisije nikaitwa kwa wazee. Nazungumzia ukoo huu mmoja wa kule juu Nkoaranga. Kwao kitu kisichong'aa ni kichafu, na kitu kichafu ni aibu ya mwanamke wa nyumba. Sufuria za mke wangu zinaanikwa uani zikiwa zimegeuzwa juani, na majirani zetu hapa Ngarenaro wamekwisha kulalamika kwamba zinawapiga machoni. Namwita Bibi Afya. Mbele ya watu namwita Mama Neema.

Alipoolewa alianza na meno yangu. Mimi nimezaliwa hapa hapa Arusha, na maji ya huku chini ya Mlima Meru yana floridi nyingi. Ukiyanywa tangu utoto, meno yanaota na madoa ya kahawia ambayo hayatoki mpaka unaingia kaburini. Nilimweleza. Akasema ni uvivu. Akanisagia mkaa, akanipa limau, akanipa chumvi ya mawe, na mwisho akanitazama kwa huruma, akaniacha. Naamini tangu siku hiyo hasira zote za meno yangu zilihamia kwenye vyombo.

Katika nyumba ya namna hiyo mtu anakusanyaje sarafu zilizo katika hali nzuri?

Maana hapo ndipo ulipo mchezo wote, na ndicho nisichoweza kumweleza mtu yeyote wa familia yangu. Mkusanyaji wa sarafu hanunui chuma, ananunua hali ya chuma. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, alitunga vipimo vya kuanzia 1 hadi 70. Sarafu yenye alama 1 imelika mpaka unaitambua kwa kubahatisha. Kuanzia 60 kwenda juu ni zile ambazo hazijawahi kupita mikononi mwa watu sokoni, na 70 ni ile isiyo na dosari hata ukiikuza. Huko Marekani kuna kampuni, PCGS na NGC, ambazo kazi yao ni kuichunguza sarafu yako, kuipa alama, na kuifungia ndani ya kasha la plastiki ili asiiguse tena hata aliyeilipia. Tofauti ya alama mbili tatu huko juu inaweza kuwa bei ya pikipiki. Na dhambi isiyosameheka ni moja tu: kuisugua. Sarafu iliyosuguliwa hawaipi hata alama kamili. Wanaandika tu kwamba imesafishwa, na hapo basi. Rangi ile ya uzee juu ya chuma, ile ambayo mke wangu anaiita uchafu, ndiyo ushahidi kwamba ngozi ya kwanza ya sarafu bado ipo.

Nilimsomea Bibi Afya maelezo haya jioni moja umeme ulipokuwa umekatika na hana pa kukimbilia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Kwa hiyo kuna watu wanalipwa kwa kutokufanya usafi?”

Nikaenda kulala.

Lakini nisimsingizie yeye peke yake. Watoto nao wamenitendea. Huyu mdogo wa kiume tunamwita Kingi, kwa sababu ya drafti. Anacheza na wazee wa kijiweni na anawafunga. Siku moja alipoteza kizibo kimoja cha soda kwenye kete zake, akaja kwenye kabati langu, akachukua heller 20 ya Mjerumani ya mwaka 1916, nzuri, yenye rangi ya asali iliyokomaa, akaenda kucheza nayo. Nilipoifuata kijiweni niliikuta imeshapigwa juu ya ubao na wazee mia moja, maana unajua wazee wa drafti hawaweki kete, wanaigonga. Kingi akanifariji. Akasema, “Baba, hiyo ndiyo niliifanya kingi.”

Halafu kuna ile ya senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936. Hii ina kisa chake. Zile senti zenye tundu katikati hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina lake tu. Kwa hiyo Edward wa Nane, ambaye alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja akajiuzulu Desemba 1936 kwa ajili ya mwanamke, jina lake lilishapigwa kwenye senti zetu. Uingereza kwenyewe wananchi hawakuwahi kushika sarafu yake mfukoni, lakini huku kwetu babu zetu walinunulia chumvi. Haina bei kubwa, ila mimi ninayo moja ambayo bado ina wekundu wake wa asili. Ninayo, yaani ipo. Ipo kwenye mlango wa bafuni. Mlango ulikuwa unacheza, Mama Neema akaita fundi, fundi akasema anahitaji washa pana kwenye bolti, na mke wangu akamwambia subiri. Tangu hapo mlango haujacheza tena. Nimeomba itolewe, nimeambiwa nilete kwanza washa nyingine na fundi wa kumlipa. Mfalme aliyeacha enzi kwa ajili ya mke yuko pale analinda bafu la mke wangu, na kila nikienda kuoga tunatazamana.

Hayo yote niliyameza. Nilikuwa nasubiri dhahabu.

Mkusanyaji yeyote wa ukanda huu ana ngazi yake ya ndoto. Ngazi ya juu kabisa haifikiki: ni dhahabu za Kilwa, za Sultani al-Hasan bin Suleiman wa karne ya 14, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Zile za shaba za Kilwa ni nyingi, moja ilifika hadi Zimbabwe Kuu, na nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia, sijui zilifuata nini. Lakini za dhahabu zilizotangazwa na wataalamu ni tatu. Na ukiokota ya nne usiniletee mimi; Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na mimi nina matatizo ya kutosha nyumbani. Chini yake kuna riyali za dhahabu za Sultani Barghash wa Unguja za mwaka 1882. Chini yake tena kuna ile ya shilingi 1,500 ya mwaka 1974, gramu 33 na ushei, upande mmoja duma, upande wa pili Mwalimu. Ilitolewa kwa ajili ya uhifadhi wa wanyamapori na ikauzwa kwa wakusanyaji wa nje. Kila nikipita pale Kaloleni kwenye Makumbusho ya Azimio, ambapo mwaka 1967 viongozi waliambiwa wasiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha, namfikiria Mwalimu na kaunda suti yake akijikuta kwenye dhahabu. Sidhani kama aliipenda, ingawa hajawahi kuniambia.

Ninayoitaka mimi ni nyingine. Ni rupia 15 ya Tabora.

Naomba hapa uvute kiti. Vita vya Kwanza vilipopamba moto, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na Mjerumani wa huku akakatiwa mirija ya kwao. Fedha hazimfikii, askari wanataka mishahara, na karatasi alizokuwa anachapisha watu walikuwa wanazitazama kwa jicho la pembeni. Basi wakafungua kiwanda cha fedha kwenye karakana ya reli kule Tabora. Shaba ya maganda ya risasi na makombora wakaigeuza heller 5 na 20. Na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakaigeuza rupia 15: upande mmoja tai wa Kaiser, upande wa pili tembo ameinua mkonga anapiga kelele, nyuma yake milima, na mwaka 1916. Herufi T ndogo ni ya Tabora. Gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu tupu. Walizipiga 16,198 tu, katikati ya mwaka huo, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora wakafunga mjadala. Zimepigwa na mafundi reli, porini, vitani, na bado ni miongoni mwa sarafu nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Afrika. Ikiwa katika hali safi inauzwa maelfu ya dola kwenye minada ya Ulaya. Mimi nimeiona kwenye picha tu, na picha ile niliiweka kwenye simu badala ya picha ya harusi, jambo ambalo lilizungumzwa.

Sasa tuingie kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Koko na mimi moyoni namwita Gavana, aliteremka kutoka Nkoaranga kuja kutibiwa goti. Alikuja na mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa, kuku mmoja asiyekubali kufungwa, na kopo la kahawa. Kopo hilo ndilo Benki Kuu ya ukoo. Halikai kabatini, halikai chini ya kitanda. Linakaa pale alipokaa yeye. Vikoba anavidharau, simu anaiogopa, benki anasema ni mahali pa kuwekea hela za watu usiowajua. Goti lilipona upesi. Gavana hakuondoka, maana alisikia mjukuu wake Neema anapata kipaimara, na hapa Arusha kipaimara si jambo la kanisani peke yake, kuna maturubai, kuna keki, kuna MC, na kuna gauni ambalo baba anaoneshwa bei yake baada ya kushonwa.

Kikao cha kipaimara kilikaa sebuleni kwetu. Alikuwepo na shemeji yangu, kaka yake Mama Neema, dalali wa tanzanaiti, tunamwita Mgodi. Hajawahi kushika sururu. Siku zote mzigo wake uko Mererani unakuja, na ukifika atanilipa. Mgodi akaahidi mbuzi wawili, wa mdomoni. Mimi nikaahidi maturubai. Ikafika zamu ya Gavana. Akafungua kopo, akatoa noti zilizokunjwa, akatoa kitambulisho cha marehemu babu, akatoa kifundo cha kaniki iliyochakaa, akaanza kukifungua kwa meno.

Ndugu yangu, nilimwona tembo kabla kaniki haijaisha kufunguka.

Sikumbuki nilisema nini. Mke wangu anadai nilisema “toba” halafu nikapiga magoti, na kwamba mama yake alidhani namwamkia akaitikia “marahaba”. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimeshachukua lupu yangu, kile kioo cha fundi saa cha kukuzia, na niko dirishani. Masikio ya tembo yana mikunjo yake yote. Manyoya ya tai yanahesabika. Hakuna mkwaruzo, hakuna kilichofifia, na juu ya uso mzima umelala ule wekundu mpole wa dhahabu iliyochanganywa na metali nyingine na ikaachwa ilale miaka mia. Nikatafuta lile ua la pembeni ya tai, kwa sababu zipo za aina mbili: ncha ya ua ikiishia chini ya herufi T ya OSTAFRIKA, au chini ya A ya kwanza. Hii iliishia chini ya A. Nikasikia kizunguzungu.

“Feki,” akasema Mgodi bila kusimama. “Za hivi zimejaa Nairobi.”

Kweli za bandia zipo nyingi, hapo simlaumu. Nikamwambia twende ofisini kwake ikapimwe. Ofisi ni mzani wa kidijitali na kiti cha plastiki kwenye kibaraza cha watu, lakini mzani hauna ujanja: gramu saba, nukta moja sita. Mgodi akabadilika sauti. Akaanza kuniita “mzee”. Njiani kurudi alinieleza kwamba ana mteja, na kwamba kamisheni yake kwa ndugu ni ndogo.

Jioni ile nikamuuliza Gavana kwa adabu zote, “Mama, hii ilitoka wapi?”

Akasema babu yake alikuwa mpishi wa Mjerumani mmoja wa pale Boma la Arusha, na Mjerumani alipokuwa anaondoka akampa kwa sababu ya mapishi mazuri. Sasa mimi, msomaji, nina ugonjwa wa tarehe. Nikamweleza, tena kwa upole, kwamba majeshi ya Waingereza yaliingia Arusha Machi 1916, na rupia hizi zilipigwa Tabora baada ya hapo, kwa hiyo Mjerumani wa Boma alishaondoka kabla tembo huyu hajazaliwa. Sebule ikanyamaza. Gavana akamgeukia binti yake, akasema kwa Kimeru kitu ambacho sikukielewa ila niliona mke wangu anainamisha kichwa.

Siku mbili sikupewa maziwa.

Siku ya tatu Gavana mwenyewe akalegea. Akasema basi, babu yake hakuwa mpishi, alikuwa mpagazi. Alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo ya vita, akatembea na jeshi mpaka huko mbali, wenzake wengi wakafa kwa kuhara na homa, yeye akarudi na kikohozi na hiki kifundo kiunoni. Alichokifanya kukipata hakusema, na wanawe hawakumuuliza. Aliagiza tu kisioneshwe watu. Ndiyo maana kimelala gizani miaka yote hiyo bila kuguswa, kutoka kaniki kwenda kopo. Hadithi ya mpishi ilitungwa baadaye kwa sababu ilikuwa na heshima zaidi.

Nilitaka kuiandika yote. Lakini hapo ikazuka vita ya mlima.

Aliianzisha mzee mmoja jirani yetu, mtu wa Marangu, aliyekuja kuazima ngazi. Akaoneshwa sarafu, akavaa miwani, akasema ule mlima nyuma ya tembo ni Kilimanjaro. Na vitabu vingi vya sarafu vinasema hivyo hivyo. Gavana akainuka kwa lile goti lililokuja kutibiwa. Akasema huo ni Meru, ameuona kila asubuhi ya maisha yake, anaujua kwa mgongo na kwa mbele, na tembo wenyewe walikuwa Meru, Uchagani walishawamaliza. Mzee wa Marangu akasema Wameru wanauona Kilimanjaro kwa juu juu tu, mawingu yakiwaruhusu. Mgodi akaongeza chumvi. Mimi nikakosea njia, nikasema inawezekana fundi wa Tabora alichora milima tu, kwa sababu Tabora hakuna mlima wa namna hiyo hata mmoja. Wote wawili wakanigeuka. Ngazi haijarudi mpaka leo.

Lakini hebu turudi kwenye sarafu. Msimamo wa Gavana ulikuwa mfupi: haiuzwi. Ni ya Neema, siku ya kipaimara. Mgodi alilia na mteja wake. Mimi, nitakuambia ukweli, sikulia. Kuuzwa sikutaka. Nilitaka iwe ndani ya nyumba yangu, kwenye kidroo changu, na mimi niwe mlinzi wake mpaka Neema akue. Na nikiwa mzee nimwoneshe mjukuu. Nikanunua kifuko cha plastiki laini kisichokuwa na kemikali za kuidhuru, nikaitia humo kwa kuishika kingo tu, nikaiweka kidroo cha chini kabisa, nikafunga. Nikawakusanya wote. Nikasema hivi: isiguswe, isifutwe, isipulizwe, isioneshwe wageni. Nikatazama watu mmoja mmoja. Mama Neema akaniambia, “Tumesikia, Baba Neema,” kwa ile sauti ambayo mwanaume aliyeoa muda mrefu angepaswa kuikimbilia polisi.

Nikaenda kazini.

Niliporudi jioni nilikuta uani kumetulia na sufuria zote zimeanikwa. Katikati ya sufuria, juu ya sinia, kuna kitu kidogo kinawaka.

Walikuwa wamefanya kazi, jamani, lazima niwape haki yao. Walianza na limau na majivu. Gavana akasema haijatakata, ikaletwa dawa ya meno. Kwenye mikunjo ya masikio ya tembo wakatumia mswaki wangu. Upande wa tai, ambao ulikuwa na ukaidi, Mama Neema alimalizia na ule waya wa kusugulia sufuria, “kidogo tu, kwa nyuma, hapaonekani.” Kingi ndiye aliyeshika tochi. Funguo za kidroo walikuwa nazo siku zote. Kumbe funguo ninayoificha mimi ndani ya saa ya ukutani ni ya pili.

Nikachukua lupu. Msomaji, dhahabu ni laini. Uso mzima una mistari myembamba inayokimbizana kwenda pande zote, masikio ya tembo yamelainika, na tai wa Kaiser amenyonyoka kama kuku wa Krismasi. Wekundu wa miaka mia ulikuwa ndani ya beseni, pamoja na majivu.

“Si unaona sasa?” akasema Mama Neema, na macho yake yana furaha ya kweli, hiyo ndiyo iliyonimaliza. “Ilikuwa na rangi ya chai. Dhahabu gani ya rangi ya chai? Watu wangesema tumempa mtoto shaba.”

Nikamwambia robo yake si dhahabu, ndiyo maana ilibadilika rangi. Akasema ndiyo sababu nyingine ya kuisugua.

Nikageuza. Pale juu, katikati kabisa ya nyuma ya tembo, mahali ambapo milima inakutana na anga, palikuwa na kipete kilichochomelewa. Maana baada ya kusugua walikwenda kwa sonara mjini, tena kwa bodaboda, Gavana amekaa katikati, ikawekwa kitanzi ili mkufu upite. Nilimuuliza sonara alisema nini alipoiona. Mama Neema akasema aliisifu sana kwa kung'aa.

Kwa hesabu za wakusanyaji, kilichobaki ni gramu 5 na kidogo za dhahabu safi, iliyosuguliwa na iliyowahi kuwa kidani. Huko kwenye minada wanaiweka mwisho wa orodha, na bei yake iko chini sana ya ile isiyoguswa. Niliwaeleza hivyo mezani, kwa tarakimu. Mgodi pekee ndiye aliyeacha kula. Gavana alinihurumia kwa dhati, akanimegea kipande cha nyama kutoka sahani yake, akasema, “Mwanangu, sasa wewe ulitaka mtoto avae uchafu shingoni mbele ya mchungaji?”

Nifanye nini na watu hawa? Nilikula nyama.

Halafu, sikiliza kituko. Sarafu ile ilipokuwa nzuri ilikuwa haionwi na mtu. Mpagazi aliificha, mwanawe aliificha, Gavana aliificha, na mimi nilikuwa na mpango wa kuificha kwenye plastiki. Siku ya kipaimara Neema alitoka kanisani nayo kifuani, jua la saa sita likaipiga, na kila aliyekuja kula pilau yetu aliishika, akaibonyeza, akaigeuza, akauliza. Gavana akaketi kwenye kiti cha mbele akawa anasimulia. Hadithi ya mpishi wa Boma hakuitaja. Alisimulia ya mpagazi, kikohozi na yote, na wazee wawili walitoa kofia. Nilimsikia akitaja hata Septemba 19 na Wabelgiji, tarehe sahihi, ambayo hakuitoa kwingine ila kwangu. Kisha akawaambia mlima ule ni Meru.

MC akatangaza kwamba baba wa mtoto ni mtaalamu wa sarafu na angependa kusema machache. Nilisimama, nikasema karibuni chakula.

Kabati nimelihamishia kibandani Kilombero. Ndani zimebaki heller, senti za mbuni na sungura za mwaka 1966, na picha. Rupia 15 zilipigwa 16,198, nyingi zimeyeyushwa, nyingi ziko Ulaya, lakini siamini kwamba la Gavana ndilo lilikuwa kopo la mwisho. Kama unayo kwenu, ya bibi, ya babu, imefungwa kwenye kaniki na haijaguswa, nakuomba uniite niitazame. Sitainunua, sina hela hiyo, na sitaigusa. Nitakuja na lupu yangu, peke yangu, wala sitamwaga mtu yeyote nyumbani ninakokwenda.